Savitri, Behula au Maiti wa Mtini: Hadithi Ipi ya Kihindi ya Kifo Umsimulie Nani

Mtu akikuomba hadithi ya Kihindi yenye kifo ndani yake, usimpe ya kwanza inayokujia kichwani. Karibu kila mara itakuwa ya Savitri, mke aliyemfuata Yama, bwana wa mauti, mpaka akarudishiwa mumewe, na Savitri hamfai kila msikilizaji. Ziko nyingine: ya maiti anayening'inia mtini akitega mafumbo, ya mizuka ya Bengal, mashariki mwa India, inayobabaishwa na kinyozi, ya mchawi aliyeficha roho yake ndani ya kasuku, ya zeze linaloimba kwa sauti ya msichana aliyezama. Zote ni za kufa na wafu. Lakini moja itawavunja watu mbavu na nyingine itamtonesha mtu kidonda, na hilo hulijui kwa kuangalia tu kama mwisho wake ni mwema.

Mimi hupima kwa swali moja: mfu akirudi, nani amelipa, na kalipa nini? Halafu namtazama anayenisikiliza.

Kabla ya kuchagua, liko jambo la kulijua. Kwetu pwani mzimu una makao yake: mbuyu, pango, kaburi la kale. Wahindu wengi huchoma maiti wao na majivu huenda mtoni, kwa hiyo katika hadithi zao ni nadra kukuta kaburi la kwenda kulilia. Wafu hukutwa kwenye uwanja wa kuchomea maiti, juu ya miti, ndani ya mabwawa. Baada ya mazishi, ndugu hutoa matonge ya wali ili marehemu apate mwili wa kusafiria kwenda kwa wahenga wake. Aliyekosa matonge hayo, au aliyekufa kabla ya siku zake, aliyeuawa, aliyefia uzazini, huyo hukwama njiani. Mizuka mingi ya hadithi hizi ni watu wa namna hiyo. Ukiwasimulia kama mashetani tu, uchungu wao unapotea, na kichekesho chao pia.

Savitri na Behula

Hawa ni wake wawili waliokwenda kumdai mume kifoni, na watu huwachanganya. Wako mbali sana.

Savitri yumo ndani ya Mahabharata, utenzi mkuu wa kale wa India. Ni binti wa Ashvapati, mfalme wa Madra, na mume anamchagua mwenyewe: Satyavan, mwana wa mfalme kipofu aliyenyang'anywa ufalme akakimbilia msituni. Narada, mjuzi anayepita baina ya mbingu na dunia, anaonya kwamba kijana huyo amebakiza mwaka mmoja tu. Savitri anajibu kwamba ameshachagua, na hachagui mara mbili. Siku zinapowadia anafunga siku tatu, usiku na mchana, kisha anaandamana na mumewe kwenda kukata kuni. Satyavan anashikwa na maumivu ya kichwa, analala kichwa kikiwa mapajani mwa mkewe, na hapo Yama anatokea mwenyewe, nguo nyekundu, kitanzi mkononi. Anaivuta roho ya Satyavan kutoka mwilini, ndogo kama kidole gumba, anaifunga, anashika njia ya kusini.

Kinachofuata ndicho kilichoiweka hadithi hii hai, na msimulizi akikiharakisha ameiua. Savitri hapigani wala hapigi mayowe. Anatembea nyuma ya Yama na kuzungumza naye. Anamwambia: wenye hekima husema waliotembea pamoja hatua saba ni marafiki, nasi tumeshazitembea, basi nisikilize. Yama anapendezwa na maneno yake na kumpa ombi moja, lolote isipokuwa uhai wa Satyavan. Anaomba baba mkwe arudishiwe macho. Rudi nyumbani sasa, anaambiwa. Harudi. Ombi la pili, ufalme wa baba mkwe. Harudi. La tatu, baba yake mzazi apate wana mia. La nne, yeye naye apate wana mia kwa Satyavan. Yama anakubali, halafu ndipo anapoona amekubali nini. Kila ombi lipe hatua zake na ukimya wake. Watoto wa miaka kumi hivi huuona mtego kabla ya Yama, na raha yote iko hapo.

Behula ni wa Bengal, katika tenzi za Manasa, mungu wa kike wa nyoka. Mfanyabiashara Chand Sadagar amekataa katakata kumwabudu Manasa, na wanawe sita wameshakufa kwa ukaidi wake. Wa saba, Lakhindar, anajengewa chumba cha chuma cha kulala usiku wa harusi. Kumeachwa kitundu kisichozidi unywele. Nyoka anapenya. Aliyeumwa na nyoka hachomwi, hupelekwa mtoni, basi bibi harusi anapanda chelezo cha migomba pamoja na maiti ya mumewe na kuuachia mto. Siku zinakwenda. Maiti inaoza. Watu kwenye kingo wanamkejeli, wengine wanamtaka. Mwisho wa safari anamwona Neta, dobi wa miungu, akifua. Mtoto wake anamsumbua, Neta anampiga anakufa, anaendelea kufua hadi amalize, kisha anamnyunyizia maji na mtoto anainuka. Behula anajua amefika penyewe. Anapelekwa mbele ya miungu, anacheza ngoma mpaka wanalainika, na Lakhindar anarudi, na shemeji zake sita pia, kwa sharti kwamba mzee Chand amwabudu Manasa. Chand anakubali, lakini ua lenyewe analitoa kwa mkono wa kushoto, uso kaugeuzia kando.

Sasa walinganishe. Kifo cha Savitri ni kisafi: mwili haunuki, mambo yanakwisha usiku mmoja, na kinacholipwa ni maneno mazuri. Kifo cha Behula kinatoa harufu. Analipa kwa mwili wake, kwa aibu yake, na bado haitoshi mpaka mzee mkaidi naye alipe kidogo cha kiburi chake. Savitri utaimaliza kwa nusu saa na utaisimulia popote. Behula inataka jioni nzima na watu wazima. Ukiniuliza ipi kubwa, nitasema Behula, kwa ule mkono wa kushoto peke yake.

Jambo jingine. Katika sehemu nyingi za India wake walioolewa hufunga kwa ajili ya Savitri katika mwezi wa Jyeshtha wa kalenda ya Kihindu, wakazungushia nyuzi mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ule wenye mizizi inayoning'inia kutoka matawini. Kwao basi si ngano ya kupitisha wakati, ni fundisho la mke mwema. Wasikilizaji wa kike wakikuuliza mbona hakuna mwanamume aliyetembea nyuma ya Yama, wana haki, na jibu lipo: katika Mahabharata hiyohiyo yumo Ruru, ambaye mchumba wake Pramadvara alimkanyaga nyoka akafa, na Ruru akatoa nusu ya umri wake uliobaki ili yeye ainuke. Ni kisa kifupi, hakina mabishano wala ujanja. Kiweke mfukoni kwa ajili ya swali hilo.

Kama msikilizaji amefiwa

Hapa ndipo watu hukosea. Wanaona Savitri ina mwisho wa furaha, wanampelekea mjane. Mjane aliye edani asikie kwamba mke mwema humrudisha mume kwa kusema vizuri? Atajiuliza yeye alikosea neno gani. Usifanye hivyo.

Ya kinyume chake ni ya mwanamke aitwaye Kisa Gotami, kutoka kwa Wabudha. Mama kijana anazunguka mji wa Savatthi akiwa amembeba mtoto wake aliyekufa, akiomba dawa. Buddha anamwambia alete punje za haradali, lakini zitoke nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Haradali kila jiko inayo. Nyumba ya namna hiyo haipati. Jioni inapofika anampeleka mtoto mahali pa maiti na kurudi mikono mitupu. Hapa mfu harudi na hakuna anayelipa, na ndiyo maana naiamini kuliko nyingi. Lakini nayo ina wakati wake. Ukiisimulia wiki ya kwanza, umemwambia mfiwa yale ambayo kila aliyekuja matangani ameshamwambia, kwamba si yeye peke yake, ila wewe umetumia maneno mengi zaidi. Ngoja. Arobaini ikipita, au mwaka, akiuliza mwenyewe, mpe.

Nachiketa pia hupendekezwa kwa wafiwa, sijui kwa nini. Ni kijana katika Katha Upanishadi, kitabu kitakatifu cha kale cha Wahindu, ambaye baba yake, kwa hasira, anasema "nakupeleka kwa Mauti", naye anakwenda kweli. Yama hayupo nyumbani, kijana anakaa siku tatu bila chakula. Yama akirudi anaona haya kwa kumlaza mgeni njaa na kumpa maombi matatu. (Sisi mgeni siku ya tatu tunampa jembe, Yama alimpa nafasi ya kuuliza lolote.) Nachiketa anauliza nini hufuata baada ya kufa, anahongwa tembo, farasi, dhahabu na maisha marefu asiulize, anakataa. Mwanzo wake ni mtamu sana. Baadaye ni falsafa tupu, na inamfaa mwenye maswali, si mwenye machozi.

Mizuka ya Bengal, kwa watoto na kwa kucheka

Ukitaka wafu wasiotisha sana, nenda Bengal. Mwaka 1883 Lal Behari Day alichapisha mkusanyo wa ngano za huko, na mizuka yake ni majirani wabaya zaidi kuliko kitu cha kuogofya. Kuna brahmadaitya, mzuka wa Brahmini, yaani mtu wa tabaka la makuhani, mstaarabu anayekaa juu ya mti na mara nyingi husaidia maskini. Kuna shakchunni, mzuka wa mwanamke aliyekuwa na mume, mwenye bangili za kombe mkononi. Kuna mwingine ambao hupenda samaki kuliko kitu chochote. Mizuka hii yote inaongea kwa king'ong'o, kwa hiyo msimulizi asiye na aibu ana kazi nzuri ya kufanya na pua yake. Na haivumilii harufu ya manjano iliyochomwa, kiungo hichohicho kilicho jikoni kwako.

Kwa watoto wadogo anza na ya kinyozi. Kinyozi maskini ameondoka kwao kutafuta riziki, usiku unamkuta chini ya mti, na mzuka unashuka umle. Kinyozi hana silaha, ana mkoba wa kazi. Anauambia mzuka kwamba yeye kazi yake ni kukamata mizuka na kuitia mkobani, na ushahidi huu hapa: anachomoa kioo. Mzuka unachungulia, unaona uso wa mzuka mwenzake, unaanza kutetemeka. Kuanzia hapo unaleta dhahabu, unajenga ghala, unalijaza mpunga. Mjomba wa mzuka anakuja kuukemea kwa uoga, naye anaonyeshwa kioo dirishani. Sijaona mtoto asiyetaka kuirudia, na wengi wataleta kioo wenyewe.

Inayofuata kwa uzuri ni ya mzuka uliojifanya Brahmini. Mume kaenda mbali kutafuta kipato, mzuka unachukua sura yake, unaingia nyumbani, unaishi na mama yake na mke wake miaka. Mwenye nyumba anarudi, anajikuta yumo ndani tayari. Mfalme anashindwa kuamua. Wanaoamua ni watoto wachunga ng'ombe wanaocheza mchezo wa baraza la mfalme. Mfalme wao anatoa kichupa: atakayeweza kuingia humu ndiye mwenye nyumba. Mzuka, kwa kujionyesha, unaingia. Kizibo, chupa, bahari. Watoto wa Kiswahili watakuambia wanamjua huyo, ni jini wa chupani, na wana haki ya kubisha. Wape nafasi wabishe.

Ya mke mzuka iache kwa walio wakubwa kidogo. Shakchunni anamsukumia mke halisi ndani ya shimo la mti na kuchukua nafasi yake, na mama mkwe anashangaa kumwona mkamwana akirefusha mkono toka chumba kimoja kuchukua kitu chumba kingine, kisha siku moja anachungulia jikoni na kumkuta ameingiza mguu wake mekoni badala ya kuni, unawaka. Mganga anachoma manjano chini ya pua yake na mambo yanaisha kwa mayowe. Picha ya ule mguu haitoki kichwani upesi. Na hadithi ya nishi, sauti inayokuita jina usiku ikikutaka utoke, usiisimulie kabisa nyumbani kwako, maana dawa yake ni kutoitika mpaka uitwe mara ya tatu, na watoto wataitumia sheria hiyo kila jioni wakati wa kuosha vyombo.

Roho iliyofichwa: Punchkin na Dalim Kumar

Katika mkusanyo wa ngano za Deccan, uwanda wa juu wa kusini mwa India, wa mwaka 1868, uliotokana na masimulizi ya yaya Anna Liberata de Souza, yumo mchawi Punchkin asiyeuawa kwa sababu roho yake haimo mwilini. Imo ndani ya kasuku mdogo wa kijani, ndani ya tundu, chini ya mitungi sita ya maji iliyopandanishwa, katikati ya msitu wa mbali. Kijana anayemtafuta anaokoa makinda ya tai dhidi ya nyoka, nao wanambeba. Kasuku akinyofolewa bawa, mkono wa mchawi unaanguka. Mguu, mguu. Shingo, kichwa. Ni hadithi ya haraka, wavulana wanaishangilia, na ukatili wake ni wa katuni.

Dalim Kumar ni wazo hilohilo lililogeuzwa likawa la huzuni. Uhai wa mwana wa mfalme umo ndani ya mkufu wa dhahabu, mkufu umo ndani ya samaki bwawani. Mama wa kambo anaupata. Akiuvaa mchana, Dalim anakufa. Akiuvua usiku kulala, Dalim anaamka. Anaishi hivyo katika nyumba ya bustanini, maiti mchana na kijana usiku, mpaka anakuja msichana aliyeandikiwa kuolewa na maiti. Wanaoana, wanazaa, na mwishowe mke anaingia ikulu akijifanya mwanamke wa kazi ya kinyozi, na mwanawe mdogo analilia mkufu wa malkia mpaka anapewa aushike. Kwa wapenzi na kwa watu wazima sina ngano ya Kihindi bora kuliko hii. Yule mke halipi kwa maneno wala kwa ngoma, analipa kwa kukaa na maiti kila mchana.

Kwa msikilizaji wa Kiswahili mlango wa kuingilia upo tayari: kisa cha kima aliyemwambia papa kwamba moyo wake kauacha mtini. Kisa hicho, kilichochapishwa katika ngano za Unguja mwaka 1870, kina asili ya India, katika Panchatantra, mkusanyo wa kale wa hadithi za wanyama, na kule papa ni mamba. Msimulie kwanza kima, kisha Punchkin, na hutahitaji kueleza kitu.

Zeze la Wasantal, kabila la mashariki mwa India, ni la pembeni kidogo. Wake wa kaka zake wanamtendea dada hila akateke maji, maji yanapanda kifundo, goti, kiuno, shingo, anazama, panaota mwanzi, msafiri anautengenezea zeze, na zeze linalia mbele ya nyumba ya nduguze. Mwishowe dada anarudi akiwa mzima. Ni nzuri mno ikisimuliwa na mtu anayejua kuimba. Asiyejua aiache. Na usiwape watoto waliofiwa na ndugu kwa maji.

Maiti wa mtini, kwa baraza na darasa

Mganda mkubwa kuliko wote, hadithi 25, umo katika kazi ya Somadeva wa Kashmir, karne ya 11. Mfalme, anayejulikana na wengi kama Vikram, anaombwa na mtawa amletee maiti iliyotundikwa mtini kwenye uwanja wa kuchomea. Ndani ya maiti kakaa pepo aitwaye vetala. Mfalme anaibeba begani, na njiani vetala anamsimulia kisa kinachoishia na swali. Akilijua jibu akanyamaza, kichwa kitapasuka. Akisema, maiti inaruka kurudi mtini, na kazi inaanza upya.

Hapa mfu hataki kurudi wala kulipiwa. Ni wa kubishana naye, na ndiyo maana hufaa kundi. Chukua la wachumba watatu. Msichana amekufa kabla ya kuolewa. Mmoja analala juu ya majivu yake, mmoja anapeleka mifupa mto Ganges, mmoja anazurura mpaka anapata dua ya kufufua. Anafufuka. Mume ni nani? Mfalme anasema aliyefufua ni kama baba, aliyebeba mifupa ni kama mwana, aliyelala na majivu ndiye mume. Simamisha hadithi kabla ya jibu hilo, uone kama watu watakwenda kulala.

Ukilinganisha na Savitri, vetala anashinda kwa mwalimu na kwa barazani, anashindwa kwa mtu mmoja aliye kimya. Hadithi mojamoja zinajitegemea, kwa hiyo unaweza kuchukua tano ukaziacha ishirini. Ila fumbo la mwisho usiliache. Baba na mwanawe wanafuata nyayo za wanawake wawili na kukubaliana, mwenye nyayo kubwa awe wa baba, mwenye ndogo wa mwana. Kumbe nyayo ndogo ni za mama, kubwa ni za binti. Baba akamwoa binti, mwana akamwoa mama. Watoto wao waitaneje? Hapo mfalme kwa mara ya kwanza hana jibu, ananyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakomwokoa. Watu wenye mjomba, shangazi, baba mdogo na mama mkubwa hawatanyamaza. Lisimulie usiku ambao kesho yake hakuna shule.